Wanafunzi wangu wanajua njia zote, lakini kila njia wanaiona peke yake

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi ya serikali wilayani Tandahimba. Nafundisha darasa la sita na la saba, na kila darasa lina wanafunzi zaidi ya 70. Nakuandikia kwa sababu jambo hili limeanza kuleta mvutano hapa shuleni, nami sipendi kugombana na wenzangu.

Wanafunzi wangu si wavivu. Nikifundisha uwiano, mazoezi ya uwiano wanayafanya vizuri. Nikihamia asilimia, wanafanya asilimia. KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) wanatafuta bila shida. Shida inaanza nikichanganya maswali. Mkono wa kwanza kunyooshwa huwa unauliza, "Mwalimu, hili ni la mada gani?" Nisipotaja mada, nusu ya darasa wanakaa tu na kalamu mkononi.

Mwezi uliopita nilitoa swali hili kwenye jaribio: Kilo 6 za korosho ziliuzwa kwa shilingi 15,000. Kwa bei hiyohiyo, kilo 10 zitauzwa kwa shilingi ngapi? Binti mmoja ambaye kwao wana mikorosho aliandika mistari mitatu tu: kilo 6 ni 15,000, kilo 2 ni 5,000, kilo 10 ni 25,000. Mwenzangu aliyenisaidia kusahihisha akampigia mkasi, akasema mtoto amekisia, hakuonesha njia. Mimi naamini hakukisia, ila nilipotakiwa kueleza njia yake inahusianaje na zetu za kitabuni, nilikwama.

Basi nikaamua kuwafundisha njia zote kwa swali hilo moja: ya kutafuta bei ya kilo moja, ya uwiano, ile ya kuzidisha kwa kukatisha wanayoiita msalaba, na ya yule binti. Wanaojiweza walifurahi. Wanaosuasua walichanganyikiwa, wakawa wanachukua hatua moja huku na nyingine kule. Mwalimu wa taaluma akaniita, akaniambia niwape njia moja waikariri, maana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi haumsubiri mtu. Mzazi mmoja naye alikuja na daftari la mwanawe kuuliza kwa nini swali moja limefanywa mara nne.

Nifundishe njia moja au nyingi? Na kama ni nyingi, nifanyeje ili watoto waone zinavyoshikana badala ya kuwaongezea mzigo?

Mwalimu wa Hisabati, Tandahimba


Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana swali lako ndilo linaloamua kama mtoto atatoka darasa la saba akiwa na Hisabati au akiwa na rundo la hatua alizokariri. Nikujibu mapema: hapo shuleni mnabishana juu ya idadi ya njia, na idadi haina kosa. Mtoto wa njia moja na mtoto wa njia nne wanaweza wote kuwa hawaelewi wanachofanya. Unayemtaka ni mtoto anayeweza kuweka kidole kwenye namba iliyo katika kazi yake, kisha akaitafuta namba hiyohiyo katika kazi ya mwenzake na kukuambia imefikaje pale. Hilo halimjii kwa sababu tu ameoneshwa njia nyingi. Linafundishwa, na linahitaji kipindi chake.

Tuanze na yule binti. Alitafuta uzito ambao unaingia kwenye 6 bila kubaki na unaingia kwenye 10 bila kubaki, akapata kilo 2. Sasa jiulize, 2 ni nini kwa 6 na 10? Ni Kigawo Kikubwa cha Shirika. Mtoto ametumia KKS kwenye swali la korosho bila kuambiwa na mtu, wakati wenzake wanaijua KKS kama zoezi la kuorodhesha vigawo na kupigia mstari kilicho kikubwa. Uhusiano unaoutafuta wewe, mwanafunzi wako amekwisha kukuletea.

Mwenzako aliyempigia mkasi, mwombe kwa upole afanye swali hilo kwa njia yake ya uwiano. Ataandika 10/6 mara 15,000. Kama kawaida yetu atarahisisha 10/6 iwe 5/3. Kisha atagawanya 15,000 kwa 3, atapata 5,000, atazidisha kwa 5, atapata 25,000. Mwoneshe ile 5,000. Ni bei ya kilo 2 ya yule binti, hakuna tofauti hata ya senti. Kurahisisha sehemu kwa kugawanya juu na chini kwa 2 ndiko kule kushuka kwake hadi kilo 2. Tofauti ni kwamba binti anajua 5,000 ni bei ya nini, na wengi wanaorahisisha sehemu hawajui.

Ukishaliona hilo, chora ubaoni jedwali la mistari miwili, kilo juu na shilingi chini:

Kilo: 1, 2, 6, 10, 30, 60
Shilingi: 2,500, 5,000, 15,000, 25,000, 75,000, 150,000

Swali linatutaka tutoke kilo 6 twende kilo 10. Hakuna njia inayofika moja kwa moja, kila moja ina kituo inachopitia, kama mabasi ya kwenda mji mmoja kwa barabara tofauti. Anayetafuta bei ya kilo moja anashuka hadi 2,500 halafu anapanda. Binti na mwalimu wa uwiano wanashukia 5,000. Na ile njia ya msalaba je? Mtoto anaandika 6 mara bei asiyoijua ni sawa na 10 mara 15,000, yaani 150,000, kisha anagawanya kwa 6. Waulize wanafunzi wako 150,000 ni bei ya kilo ngapi. Nakuhakikishia darasa litanyamaza, na walimu wengi watanyamaza vilevile, kwa sababu tumefundishwa kuipata tu, hatukufundishwa kuitambua. Ni bei ya kilo 60. Ukiuza mafungu 10 ya kilo sita sita unapata 150,000. Na kilo 60 hizohizo ni mafungu 6 ya kilo kumi kumi, ndiyo maana unagawanya kwa 6 kupata fungu moja la kilo 10. Kwa hiyo msalaba unapanda kwanza halafu unashuka, wakati njia ya kilo moja inashuka kwanza halafu inapanda. Tena hakukuwa na haja ya kupanda hadi 60. KDS ya 6 na 10 ni 30, na kilo 30 ni shilingi 75,000. Gawanya kwa 3, unapata 25,000 ileile.

Angalia tulipofika kwa swali moja la korosho. Uwiano, kurahisisha sehemu, KKS, KDS na mlinganyo, mada zilizofundishwa mbalimbali, zimekaa kwenye jedwali moja. Mtoto aliyepita hapo hana sababu kubwa ya kuuliza hili ni la mada gani.

Sasa hao waliochanganyikiwa. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Bethany Rittle-Johnson na Jon Star, walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakijifunza milinganyo. Kundi moja lilioneshwa njia mbili za swali moja zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, likatakiwa kuzilinganisha. Kundi jingine lilioneshwa njia zilezile, moja baada ya nyingine. Waliolinganisha waliwashinda wenzao katika kukokotoa na katika kubadili njia kulingana na swali. Lakini mwaka 2009, wakiwa na Kelley Durkin, walionesha upande wa pili: wanafunzi ambao hawakuwa wanaijua hata njia mojawapo kabla ya kuanza hawakunufaika hivyo na kulinganisha njia. Nadhani hapo ndipo walipo wanafunzi wako wa nyuma. Uliwapa njia nne siku moja, na kwao zote nne zilikuwa ngeni.

Kwa hiyo rudi nyuma kidogo. Njia ya kilo moja ifundishe hadi imkae kila mtu, hata ikichukua wiki. Baada ya hapo leta njia ya pili, moja tu, iweke kando ya ile wanayoijua. Msalaba na mengine yatakuja kwa zamu yake, kila moja likiwekwa kando ya lile ambalo tayari ni lao.

Ubao wako ugawe kwa mstari wa kushuka katikati. Kushoto iandike njia ya kilo moja, kulia ya binti, hatua zikielekeana. Usifute chochote mpaka kengele ilie. Walimu wa Japani wana desturi hiyo, somo zima linabaki ubaoni tangu swali hadi hitimisho, na faida yake ni kwamba mtoto hawezi kulinganisha kitu anachokiona na kitu kilichokwisha futwa. Sisi wa madarasa makubwa tuna mkono mwepesi sana wa dasta.

Kabla ya kuandika ubaoni, wape dakika kumi wafanye wenyewe, wewe pita kati ya madawati na kijidaftari. Usisahihishe. Andika tu nani ametumia nini. Kwa wanafunzi 70 hutamwona kila mmoja, lakini ukipita safu mbili tatu utakuwa umeona njia karibu zote zilizomo darasani. Chagua wawili waje mbele, na anza na yule ambaye kazi yake inaeleweka na wengi, hata kama ni ndefu. Ukianza na njia fupi kuliko zote, wanaosuasua wanakata tamaa na wanaojiweza hawasikilizi tena. Kisha uliza maswali ya kidole: 5,000 ya huyu iko wapi kwenye kazi ya yule? Mbona haionekani? 2,500 ukiizidisha kwa 2 unapata nini? Waite wanaokaa nyuma ndio waje kuonesha, kwa sababu kuonesha namba kwa kidole hakudai ufasaha wa maneno.

Kuhusu wale wanaochukua hatua huku na huku, nina dawa moja ninayoiamini kuliko zote: kila namba iandikwe na jina lake. Nieleze kwa mfano. Mtoto ameona binti "ametumia 2", naye anagawanya 15,000 kwa 2, anapata 7,500, anazidisha kwa 10 kama walivyofanya wa kilo moja, anapata 75,000. Ukiangalia daftari lake unaona namba tu, na wewe unabaki kumwambia amekosa. Mtake aandike "kilo 3 = sh 7,500". Mstari unaofuata atalazimika kuandika "kilo 30 = sh 75,000", na hapo ataona mwenyewe kwamba hakuulizwa kilo 30. Hilo litamfaa hata binti yako. Mwambie aongeze maneno machache, kwamba amegawanya kilo kwa 3 na fedha kwa 3, kisha akazidisha zote kwa 5. Kazi yake ni sahihi na anastahili alama zake, ila msahihishaji asiyemjua asome bila kubahatisha.

Wakishaweza kulinganisha, wafundishe kuchagua. Badilisha namba moja tu. Kilo 6 ni 15,000, kilo 12 je? Hapo hakuna haja ya kituo chochote, ni mara mbili. Kilo 7 je? KKS ya 6 na 7 ni 1, kwa hiyo njia ya binti na njia ya kilo moja zinakuwa kitu kimoja, na ningependa sana watoto waligundue hilo wenyewe. Halafu wape la ufuta: kilo 3 ni shilingi 10,000, kilo 6 ni ngapi? Aliyezoea kupitia kilo moja kila siku ataangukia 3,333.33 isiyoisha, na mwenzake atakuwa ameshaandika 20,000 na kufunga daftari. Baada ya siku kama hiyo mtoto ana sababu yake mwenyewe ya kutaka kujua njia ya pili.

Kuna uwanja mwingine ulio jirani nanyi sana, nao ni makato ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Watoto wa Tandahimba wanasikia habari za mnada na makato nyumbani kila msimu wa korosho. Tuseme kwa zoezi kwamba bei ya mnada ni 2,500 kwa kilo, makato ni 200 kwa kilo, na mzee ana kilo 40. Mmoja atatoa kwanza, 2,300, kisha azidishe kwa 40, apate 92,000. Mwingine atatafuta 100,000 ya jumla, atoe makato ya 8,000, apate 92,000 hiyohiyo. Waulize 8,000 iko wapi kwenye njia ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mabano kwenye MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), na ndiyo iliyojificha ndani ya kuzidisha kwa kawaida: 23 mara 14 ni 23 mara 10 ukijumlisha na 23 mara 4, yaani 230 na 92, jumla 322. Zile safu mbili wanazoziandika chini ya mstari kila siku ni hizo 92 na 230.

Mwalimu wa taaluma usimwendee na malalamiko. Ana wasiwasi wa matokeo, na wasiwasi huo ni wa haki. Mwambie tu kwamba karatasi ya mtihani haiandiki mada juu ya swali, na mtoto anayesubiri kutajiwa mada darasani atasubiri na kwenye chumba cha mtihani, ambako hakuna wa kumtajia. Kisha omba nafasi kwenye kikao chenu cha MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Wape walimu wote swali la kilo 6 na kilo 10, kila mmoja alifanye kimya kwa njia yake, halafu wekeni kazi mbili ubaoni na muulizane 150,000 ni bei ya kilo ngapi. Mkitoka hapo mtakuwa na la kukubaliana juu ya usahihishaji: "njia" iwe hoja inayosomeka, hata kama sura yake haifanani na ya kitabuni. Mzazi aliyekuja na daftari, mkaribishe tena na umwache mwanawe amweleze. Wazazi wa huko wanajua kupiga hesabu za korosho, atamwelewa.

Jambo la mwisho, na hili usiliache. Njia wanayoipenda wataitaka kila mahali, kwa hiyo wape swali linaloikataa. Vibarua 6 hupalilia shamba la mikorosho kwa siku 10. Vibarua 15, kwa kasi ileile, watapalilia kwa siku ngapi? Wengi watapiga msalaba na kukuletea siku 25. Usiseme wamekosa. Waulize kama vibarua 15 wanaweza kuchelewa kuliko 6, kisha wajaze jedwali: vibarua 6 siku 10, vibarua 3 siku 20, vibarua 12 siku 5, kibarua mmoja siku 60. Njia ya "moja kwanza" bado inafanya kazi, ila sasa unapanda hadi 60 na kugawanya kwa 15, unapata siku 4. Jedwali la korosho liwe bado ubaoni upande wa pili. Kipindi kizima cha dakika 40 kiishie hapo, wakibishana kwa nini kwenye korosho pande zote mbili hukua pamoja na kwenye vibarua upande mmoja ukikua mwingine hupungua. Ukishakifundisha, niandikie walisema nini.